Shajara ya mradi: kuchuja mafaili ya programu kwa heshi, diski 14, Dodoma

Siku ya 1. Mzigo na makubaliano

Diski 14 zimepokelewa karakanani, Area C: 11 za sahani za GB 500 na SSD 3 za GB 128. Zote zimetoka kwenye kompyuta za mezani zilizokuja na malori ya ofisi iliyohama kutoka Dar es Salaam, zikakaa stoo, na sasa zinatakiwa kupelekwa shuleni. Mwenye mali anataka mambo mawili, kwa mpangilio huu: nyaraka zote za watumishi zirudi kwake, kisha diski zifutwe kabisa.

Ugumu uko kwenye hilo neno "zote". Windows ikishawekewa Office na viendeshi ina mafaili zaidi ya laki moja. Kutafuta .docx na .xlsx ndani ya Documents kunaacha mali nyuma, maana watu huweka kazi zao kwenye Desktop, kwenye C:\ moja kwa moja, ndani ya folda ya programu ya hesabu, au hulipa faili mwisho wa .old ili mwenzao asilifute. Kwa hiyo tunaianza kazi upande wa pili: tunatoa kila faili tunalojua ni la programu fulani, na kinachobaki tunakichukulia kuwa cha mtu mpaka kithibitike vinginevyo.

Kigezo ni heshi ya SHA-256. Unalipitisha faili lote kwenye hesabu hiyo, unapata biti 256 zinazoandikwa kama tarakimu 64 za heksadesimali. Ikibadilika biti moja ndani ya faili, heshi nzima inakuwa nyingine. Jina, tarehe na folda havihesabiwi. Ukiibatiza notepad.exe jina la harusi_ya_dada.jpg, heshi haitadanganyika, na ukilificha faili la mishahara chini ya jina la kernel32.dll, heshi itakutaja.

Kufungua nyaraka si sehemu ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu moja kwa moja, na heshi inarahisisha utii: faili linahesabiwa bila mtu kusoma kilichomo.

Siku ya 2 na 3. Kunakili

Hakuna diski inayochomekwa kwenye Windows. Windows ikiona tu diski, inaanza kuandika: System Volume Information, $RECYCLE.BIN na kadhalika. Tunatumia Linux, na kabla ya kitu kingine chochote:

blockdev --setro /dev/sdb
ddrescue -d -n /dev/sdb d07.img d07.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb d07.img d07.map

Amri ya kwanza inaizuia diski isiandikwe, na ddrescue ndiyo inayoinakili. Mzunguko wake wa kwanza unachukua kilicho rahisi, wa pili unarudi kwenye sekta sugu mara tatu. Faili la .map ndilo linalookoa siku umeme unapokatika: ukirudisha amri ile ile, kazi inaendelea ilipoishia. UPS yetu, yaani betri ya dharura, inatosha kuzima mashine kwa heshima tu, haitoshi kumaliza nakala.

Hesabu ya muda: GB 500 kwa MB 100 kwa sekunde ni sekunde 5,000, yaani dakika 83. Diski tatu za kwanza zilionekana zitachukua zaidi ya saa nne kila moja. Kifaa cha kuchomekea kilikuwa kwenye tundu jeusi la USB 2.0. Kilipohamishiwa kwenye la bluu, kasi ikarudi. Feni pia zilipulizwa. Upepo wa Julai hapa Dodoma unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Diski 07 na 12 zina sekta mbovu. Hili linaingia kwenye daftari mapema kwa sababu litaathiri matokeo: sekta isiyosomeka inajazwa sifuri kwenye nakala, kwa hiyo faili la Windows lililoguswa na sekta hiyo litatoa heshi isiyojulikana. Litaonekana kama faili la mtu. Kosa la upande huo linavumilika, kwani linaongeza mzigo wa mabaki lakini halipotezi waraka.

Siku ya 4. Orodha kuu

Orodha tunayoanza nayo ni RDS, orodha ya heshi za mafaili ya programu zinazojulikana, inayotolewa na maktaba ya NSRL chini ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Wao hukusanya programu, hufungua mafaili yaliyomo, na kuchapisha heshi zake mara nne kwa mwaka. Toleo la sasa la muundo, la tatu, ni hifadhidata ya SQLite badala ya yale mafaili ya maandishi ya zamani. Limegawanywa: kompyuta za kisasa, programu za zamani, Android na iOS. Tumechukua la kisasa katika umbo dogo, pamoja na la zamani, kwa sababu diski nne bado zina Windows 7.

Pakua usiku, na pakua mara moja. Baada ya hapo NIST hutoa tofauti tu kati ya toleo na toleo, na ndizo za kufuata. Zipu ikifunguka inavimba mara kadhaa, na hifadhidata ikae kwenye SSD. Kuiuliza maswali ikiwa kwenye diski ya sahani ni kumtuma mtu Kondoa kwa miguu kila unapotaka kujua neno moja.

Hatuihitaji yote. Tunachomoa safu moja:

sqlite3 rds.db "SELECT sha256 FROM FILE;" | tr 'A-F' 'a-f' | LC_ALL=C sort -u -T /mnt/ssd/muda > rds.txt

Mambo matatu ndani ya mstari huo yametugharimu muda. RDS huandika heshi kwa herufi kubwa, sha256sum (zana yetu ya kuhesabu heshi) kwa ndogo, na kwa kompyuta hizo ni maneno mawili tofauti. LC_ALL=C inahakikisha upangaji ni ule ule kila mahali; ukisahau upande mmoja, ulinganishaji unalalamika kuwa orodha haijapangwa, au mbaya zaidi unaruka mistari. Na -T: bila hiyo, sort huweka mafaili yake ya muda kwenye /tmp, ambayo kwenye mashine yetu ni kipande cha RAM. Ilijaa katikati na kazi ikafa. Kila heshi inakula baiti 65 pamoja na mwisho wa mstari, kwa hiyo kila milioni 100 ni GB 6.5 kabla ya nafasi ya kupangia.

Limeulizwa kama orodha zinazotumia MD5 na SHA-1, aina za heshi za zamani, bado zinafaa, basi liandikwe jibu. MD5 imekuwa ikigonganishwa tangu 2004, na Februari 2017 watafiti wa CWI ya Amsterdam na Google walionyesha PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Hata hivyo kugonganisha ni kutengeneza mafaili mawili kwa pamoja yafanane heshi. Kulichukua faili la Microsoft lililokwishatoka na kulitengenezea pacha wa MD5 ni kazi nyingine kabisa, na haijawezekana kwa vitendo. Kwa hiyo orodha ya zamani yenye MD5 pekee si takataka. Tunaitumia kama kidokezo, lakini uamuzi wa kuondoa faili kwenye mabaki unafanywa kwa SHA-256.

Siku ya 5. Mlinganisho wa kwanza, majibu ya ajabu

Nakala inafunguliwa kwa kusoma tu. Usihesabu mwanzo wa sehemu ya diski kwa mkono. Kwenye Windows sehemu ya kwanza mara nyingi ni ile ndogo ya kuwashia, utapata mafaili machache na kudhani diski ni tupu. losetup -r -P -f d07.img inazifichua sehemu zote, unachagua kubwa. Kisha, ukiwa ndani yake:

find . -xdev -type f -print0 | xargs -0 sha256sum | sed 's/  /\t/' | LC_ALL=C sort > /kazi/d07.tsv
LC_ALL=C join -t $'\t' -v 1 /kazi/d07.tsv rds.txt > /kazi/d07.mabaki

Ile sed inageuza nafasi mbili za kwanza kuwa tabu. Jaribio la kwanza halikuwa nayo, na join, amri inayolinganisha orodha mbili, ikiachiwa itenganishe kwa nafasi hubana nafasi zinazofuatana kuwa moja. "BARUA  YA UHAMISHO.doc", iliyoandikwa kwa nafasi mbili, ikatoka na moja, na skripti ya kunakili ikasema faili hilo halipo. Majina ya namna hiyo ni mengi kuliko unavyodhani. Watu huandika majina ya mafaili kama wanavyoandika vichwa vya barua.

SSD mbili zilitoa mabaki machache mno na, la kushangaza, mafaili machache kwa jumla. Sababu: Windows yake ilikuwa imebanwa kwa mfumo wa CompactOS. ntfs-3g, programu inayosoma diski za Windows kwenye Linux, bila kiambatisho chake inayaonyesha mafaili hayo kama viungo vilivyokatika vinavyoelekea "unsupported reparse tag 0x80000017". Kwa kuwa find imeambiwa -type f (mafaili ya kawaida tu), iliyapita kimya kimya. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Dawa ni kuweka kiambatisho cha ntfs-3g-system-compression, na kuanzia sasa kila diski inahesabiwa pia kwa -type l (viungo) kabla ya kuanza. Idadi ya viungo ikiwa kubwa, simama.

Nakala ya diski 03 ilihesabiwa kwenye Windows na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa Get-FileHash, amri ya PowerShell ya Windows, matokeo yakaelekezwa kwenye faili kwa alama ya >. Mlinganisho ukatoa sifuri: hakuna hata faili moja la Windows linalojulikana! Sifuri kamili kamwe si habari ya diski, ni habari ya mtambo wako. Baiti mbili za kwanza za faili zilikuwa ff fe: PowerShell 5.1 huandika kwa usimbaji wa UTF-16, si UTF-8, ikielekezwa hivyo, huongeza mwisho wa mstari wa Windows, herufi ni kubwa, na njia ndefu za mafaili hukatwa na nukta tatu kwa sababu jedwali halikutosha kwenye skrini. Hilo la mwisho halitengenezeki baadaye. Kazi imerudiwa. Anayelazimika kutumia PowerShell atumie Export-Csv na ataje usimbaji wa UTF-8.

Siku ya 6. Faili tupu

Fupi. Heshi inayoanza na e3b0c44298fc1c14 ni ya faili lenye baiti sifuri. Imo kwenye RDS, kwa hiyo kila faili tupu "linajulikana". Tumeyatenga kwenye orodha yake, kwa sababu faili tupu lenye jina BAJETI FINAL.xlsx ni ushahidi wa kitu kilichoharibika, na mwenye mali huenda akataka kujua.

Siku ya 7 na 8. Kilichobaki, na kwa nini

Mabaki ni mengi kuliko ilivyotarajiwa, lakini yana sura. Kundi la kwanza ni vitu ambavyo mashine yenyewe huvitengeneza: maktaba za .NET zilizotafsiriwa hapo hapo na kuwekwa kwenye folda ya NativeImages, mafaili ya Prefetch, rejista, kumbukumbu za matukio, pagefile.sys na hiberfil.sys, akiba ya kivinjari. Hakuna orodha duniani itakayokuwa nayo, maana yamezaliwa kwenye kompyuta hiyo moja. Haya tunayatoa kwa njia ya folda, na kila kanuni ya folda imeandikwa na kusainiwa na watu wawili.

Kundi la pili ni masasisho mapya kuliko toleo la RDS. Kundi la tatu ndilo lililotuchukua siku mbili: programu ambazo hazijawahi kufika Marekani. Kuna programu ya hesabu iliyoandikwa na fundi wa hapa nchini, kiendeshi cha printa ya risiti, na programu za modemu za mitandao ya simu, matoleo matano tofauti. RDS inajua michezo ya kompyuta ya miaka ya tisini lakini haijui modemu iliyouzwa pale Majengo.

Orodha hiyo lazima uitengeneze mwenyewe, na njia ni hii. Chukua mashine pepe yenye Windows safi, ihesabu yote. Weka programu kutoka CD au faili lake la asili, iwashe mara moja, ifunge, hesabu tena. Heshi zilizo kwenye hesabu ya pili na hazimo kwenye ya kwanza zinaingia orodha ya nyumbani, pamoja na jina la programu, toleo, heshi ya faili la kuwekea, tarehe, na aliyefanya. Toa yale yanayozaliwa na mashine yenyewe, la sivyo utakuwa umehifadhi vumbi.

Usichukue heshi za orodha ya nyumbani kutoka kwenye diski za mteja. Ndiyo, ni haraka. Lakini C:\HESABU kwenye diski 05 ina HESABU.EXE na pembeni yake mafaili 40 ya .dbf, na hizo .dbf ndizo vitabu vya miaka sita. Anayesema "folda hii ni ya programu, ongeza yote" ameviingiza vitabu hivyo kwenye orodha ya kutupwa. Ukitoka kwenye CD, .dbf tupu za asili zinaingia kwenye orodha, na zile zilizokwishaandikwa zina heshi nyingine, zinabaki zenyewe bila kuambiwa.

Pendekezo jingine lililokataliwa: faili linaloonekana kwa heshi moja kwenye diski 10 au zaidi lihesabiwe kuwa la programu. Inavutia, na mara nyingi ingekuwa kweli. Tulipanga mabaki kwa wingi wa kutokea tuone. Karibu na juu kabisa, kati ya mafaili ya antivirusi, ilikaa PDF moja iliyokuwapo kwenye diski 13 kati ya 14. Jina lake lilikuwa WARAKA WA LIKIZO. Bila shaka ulitumwa kwa kila mtu. Tunatumia wingi kwa kupanga foleni ya kuangalia tu.

Siku ya 9. "Inajulikana" haimaanishi "salama"

Limeulizwa mara mbili kama faili linalojulikana ni salama, kwa hiyo jibu linaandikwa kwa wino mzito. RDS inataja faili ni lipi. Haitoi hukumu. Ndani yake kuna zana za kuvunja nywila na za kuficha ujumbe ndani ya picha, zimo kwa sababu ni programu zilizochapishwa. Faili lililoondolewa kwenye mabaki limeondolewa kwa kuwa si waraka wa mtumishi, basi. Na faili lisilojulikana si kirusi. Virusi vinatafutwa kwa antivirusi ya ClamAV, tena kwa bidii kwenye mabaki, maana ndiyo yatakayorudi kwa mwenye mali; vile vinavyogeuza folda za flashi kuwa njia za mkato vimepatikana kwenye diski sita.

Kuna ulizo moja lenye faida hapa: mafaili ambayo jina lake limo kwenye RDS lakini heshi haimo. Mengi ni masasisho. Ila svchost.exe iliyokaa ndani ya AppData ya mtumiaji, wakati makazi yake ni System32, haihitaji mjadala mrefu.

ssdeep imejaribiwa kwa mafaili ya diski 07 yaliyoharibika. Inatoa alama ya kufanana, 0 hadi 100, na imesaidia kuonyesha kwamba DLL fulani ni ya Windows yenye sekta iliyokufa. Inafaa kupanga. Haifai kuamua.

Siku ya 10. Kipakatalishi cha GB 4

Mashine ya pili haina nafasi ya rds.txt. Tumeitengenezea chujio la Bloom, yaani muhtasari wa orodha unaokula nafasi ndogo kwa gharama ya makosa machache. Kwa kosa la 0.1% kila heshi inahitaji biti 14.4, kwa hiyo heshi milioni 100 zinaingia kwenye MB 180. Chujio hili likisema "halimo", halimo kweli. Likisema "limo", huenda limo.

Kwa kazi nyingine hilo linatosha. Kwa hii, kosa linaangukia upande mbaya: kwenye mafaili 200,000 yasiyomo, takriban 200 yangetajwa kuwa ya programu, na yakiwa nyaraka yanafutwa milele. Kwa hiyo kipakatalishi kinatoa majibu ya "halimo" tu kama ya mwisho. Yote ya "limo" yanabebwa kwa flashi kwenda kulinganishwa na orodha kamili.

Siku ya 12. Makabidhiano ya sehemu ya kwanza

Diski kumi na mbili kati ya 14 zimekamilika. Mabaki yamenakiliwa kwenye diski ya nje, kila diski na folda yake, njia za asili zikiwa zimehifadhiwa. Pamoja nayo kuna orodha.txt ya heshi, na mwenye mali ameonyeshwa kuihakiki kwa sha256sum -c. (Iliandikwa kwa miisho ya mstari ya Linux. Ikifunguliwa na kuhifadhiwa upya na programu za Windows, herufi iliyofichika huongezeka mwishoni mwa jina na huenda kila faili likasemekana halipo.)

Heshi ya orodha.txt yenyewe imeandikwa kwa kalamu kwenye hati ya makabidhiano, tarakimu 64 katika mafungu 8 ya nane nane, mmoja akisoma na mwingine akiandika, pande zote mbili zikasaini. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinapima uzito wa ushahidi wa kielektroniki pamoja na jinsi uadilifu wake ulivyotunzwa, na karatasi hii ni njia rahisi kuliko zote ya kuonyesha hilo.

Kufuta kunasubiri saini ya pili, siku 30 baada ya leo. Za sahani zitapita nwipe, programu ya kufuta diski, mzunguko mmoja na uhakiki. SSD hazifutwi kwa kuandikiwa juu kwa sababu zina vyumba vya akiba ambavyo mwandiko haufiki. Zitapewa amri ya kujifuta ya ATA. Nakala zetu za .img zinafutwa siku hiyo hiyo.

Yaliyobaki mezani: diski 07, mzunguko mwingine wa ddrescue kwa kusoma kinyume (-R). Diski namba 12, kichwa kinagonga, imezimwa na haiwashwi tena mpaka mwenye mali aamue kama analipia maabara. CD ya toleo la nne la ile modemu haijapatikana. Mafaili yake 61 yamebaki kwenye mabaki yalivyo.